Kambi ya jeshi ikiwa jirani, nani hushiba?

Mwaka jana, baada ya sala ya Ijumaa, kijana mmoja wa mtaani kwetu Kisumu Ndogo alinisimamisha nje ya msikiti na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ami, hebu nisomee hii," akaniambia. Ilikuwa barua ya kazi, au kitu kilichotengenezwa kifanane na barua ya kazi. Ilisema amepata nafasi ya msaidizi wa jikoni katika kambi ya Wamarekani kule Manda, Lamu, mshahara Sh60,000 kwa mwezi. Juu yake palikuwa na picha ya tai iliyofifia kama iliyotolewa nakala mara ishirini. Alikuwa ameshampa broka Sh15,000. Babake alikuwa ameuza mbuzi wawili.

Sikuhitaji kusoma hadi mwisho. Lakini nilivyokuwa nikimweleza kwamba ametapeliwa, niliona haniamini, na sikumlaumu. Hapa Malindi kila mtu ana jamaa anayemjua mtu aliyepata kazi "kwa jeshi". Kila uvumi wa kambi kupanuliwa hutuletea madalali. Na wanasiasa wetu, wakisimama jukwaani, husema maneno yaleyale: kambi huleta ajira, kambi huleta maendeleo. Basi nimeona leo tulichambue jambo hili polepole. Pesa ya kambi ya jeshi hutoka wapi, hupita wapi, na humfikia nani?

Tuanze na Manda, maana watu huchanganya. Uwanja wa ndege wa abiria, ule tunaoshukia kwenda Lamu mjini, uko kisiwani Manda. Kambi yenyewe iko bara, Magogoni, kando ya ghuba ya Manda, na ni ya Jeshi la Wanamaji la Kenya. Ndani ya eneo hilo ndimo walimo Wamarekani, katika sehemu iitwayo Camp Simba, pamoja na uwanja wao wa ndege. Wako hapo tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Dunia nzima ilipata kulisikia jina la Manda Bay tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walipovamia alfajiri, wakaua Wamarekani watatu, mwanajeshi mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi, na kuchoma ndege.

Sasa, huko Marekani kwenyewe, jimbo lenye kambi huiona kama kiwanda. North Carolina ina Fort Bragg, na majimbo mengi huko hutoa ripoti za mara kwa mara kuonyesha kambi zake zimeingiza kiasi gani. Wanahesabu mishahara ya askari, kandarasi za ujenzi, hospitali, pensheni za wastaafu waliobaki mjini. Kambi ikitajwa kufungwa, magavana na maseneta hupanda ndege kwenda Washington kubembeleza isifungwe.

Kwa nini kwao iwe hivyo? Kwa sababu askari wa kule ana mke, watoto na gari, na wote wako mjini. Akipokea mshahara, hulipa kodi ya nyumba kwa jirani, hununua nyama kwa jirani, mtoto hukatwa nywele na jirani. Jirani naye kwa pesa hiyohiyo hulipa fundi wa paa. Shilingi moja yapita mikono minne mitano kabla ya kuondoka mjini. Wachumi wana jina lao la kitaalamu kwa jambo hilo, lakini mama muuza mahamri pale stendi ya tuktuk alijua kabla yao.

Askari wa kigeni aliyeko Manda si huyo. Amekuja kwa miezi kadhaa kisha anaondoka. Familia yake iko ng'ambo, mshahara wake huingia benki ya ng'ambo. Hulala ndani ya ua, hula ndani ya ua, na baada ya shambulio lile la 2020 sioni nani angemruhusu azurure Mokowe akitafuta samaki wa kupaka. Hata chakula chake hakinunuliwi ovyo. Jeshi la Marekani lina madaktari wa mifugo ambao kazi yao mojawapo ni kukagua maghala na viwanda vya wauzaji wa chakula kabla ya kuwaidhinisha. Mvuvi wa Ndau au Kiwayu, hata awe na nguru aliyevuliwa saa moja iliyopita, hana ghala wala cheti. Kwa hivyo kambi yaweza kuwa na bajeti nono na bado kijiji cha pili yake kisione hata senti ya kununulia chumvi. Kinachofika nje ya ua ni vibarua vya ujenzi, usafi na uchukuzi, na navyo hupitia kwa mkandarasi, ambaye mara nyingi ameshashinda tenda akiwa mbali na huja na watu wake.

Linganisha na majeshi yetu wenyewe. Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa Desemba 1964 na makao yake ni Mtongwe, kusini mwa Mombasa. Hapa kwetu kaunti ya Kilifi tuna kambi ya Mariakani. Askari wa Kenya anapanga nyumba mtaani, anaposa mtaani, mwanawe yuko shule moja na mwanao. Akistaafu hufungua duka la simenti. Muulize mwenye nyumba za kupangisha Mariakani kama anataka kambi iondoke. Kwa upande wa pesa, kambi ya nchi yenyewe hukaribia zaidi ule mfano wa North Carolina kuliko kambi ya mgeni, hata kama mgeni ana bajeti kubwa mara kumi.

Lakini tusipambe. Mtongwe yenyewe imekaa na makao makuu ya wanamaji miaka yote hii, na ni hapo hapo ambapo tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyobeba watu kupita kiasi ilipinduka ikaua watu 272, wengi wao wakienda kazini asubuhi. Huwa nalikumbuka hilo kila mtu anaponiambia kambi huvuta maendeleo. Ua wa jeshi uliokuwa na meli za kivita ulikuwa pale pale, na raia walikuwa wakivuka mkondo wa Kilindini kama mizigo.

Kilindini nayo ina funzo lake la zamani. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, Wajapani walipiga Colombo mwezi Aprili 1942, na Waingereza wakaondoa sehemu kubwa ya manowari zao za Bahari ya Hindi wakazileta Kilindini. Ghafla Mombasa ikawa mji wa kijeshi. Hata jengo la shule ya Allidina Visram lilichukuliwa, wakakaa ndani yake wataalamu wa kufumbua siri za mawasiliano ya Wajapani. Kazi zilikuwepo tele bandarini, hilo halina ubishi. Ila bei za vitu zilipanda, vyumba vya kupanga vikawa haba, na mshahara wa kibarua haukukimbia sawa na bei ya unga. Migomo ilizuka vita vikiwa bado vinaendelea. Vita vilipokwisha, Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka zana chini, na mji ulisimama karibu wiki mbili. Ndipo jina la Chege Kibachia na chama cha African Workers' Federation likajulikana. Kwa hivyo hata ua ukiwa wazi na pesa ikimwagika, asiyekuwa na nyumba ya kupangisha wala bidhaa ya kuuza huweza kuishia maskini kuliko alivyoanza, maana kodi yake imepanda.

Sisi wa Malindi tuna kumbukumbu yetu pia, na vijana wengi hawaijui. Baada ya mkataba wa 1980 ulioruhusu Marekani kutumia bandari ya Mombasa, manowari zilikuwa zikitia nanga na maelfu ya mabaharia kushuka kwa siku kadhaa. Waliokuwa na teksi, vinyago na baa walichuma. Walioumia waliumia kimyakimya. Mwaka huohuo wa 1980 baharia mmoja wa Marekani aliyekiri kumuua mwanamke wa Mombasa alitozwa na mahakama faini ya Sh500 na kuachiliwa kwa dhamana ya tabia njema. Sh500! Wazee wa wakati ule wakisimulia huteremsha sauti hadi leo.

Kisha Januari 1987, jeshi la Uingereza likapiga marufuku askari wake waliokuwa mazoezini Kenya wasije kupumzika Mombasa na Malindi, kwa kuhofia ukimwi. Habari hiyo ikaenea katika magazeti ya Ulaya wakati hoteli zetu zikitegemea watalii wa Ulaya. Yaani askari hawakuwa wametujengea hata kisima, lakini amri moja ya kamanda wao iliweza kututikisa sokoni. Mji unaotegemea likizo ya askari hukaa kwa hisani ya mtu asiyemjua.

Ningependa hapa kuingiza Ngomeni, ingawa si kambi ya vita. Kituo cha Waitaliano cha San Marco kilianzishwa miaka ya 1960 na Luigi Broglio, mhandisi aliyekuwa pia ofisa wa jeshi la anga la Italia. Setilaiti iliyorushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ilipewa jina Uhuru. Nacho kina ua, nacho kina mlinzi langoni. Tofauti ni kwamba wahandisi wake hawakufungiwa ndani. Walikaa Malindi mjini, wakanunua samaki sokoni, wakaleta wake zao, wakawaita jamaa na marafiki, na baadaye kukaja hoteli na nyumba za Kiitaliano ambazo zimelisha nusu ya mtaa wangu. Yaliyofuata utalii huo, mema na machafu, ni makala ya siku nyingine. Nataja tu kwamba kilichoshibisha Malindi kilikuwa wale watu waliotoka nje ya ua kununua. Waulize watu wa Ngomeni yenyewe, walio karibu zaidi na kituo, kama walishiba sawa na sisi wa mjini.

Mfano ulio karibu zaidi wa askari wa kigeni wanaotoka nje ya ua ni Nanyuki. Waingereza wana kikosi chao cha mafunzo pale, BATUK, na kila mwaka hupokea maelfu ya askari wa mazoezi. Hoteli, teksi, wafuaji nguo na wauza vinyago wanaishi kwa hao. Lakini gharama yake imeandikwa mahakamani. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228 walioumizwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa malishoni. Machi 2021 mazoezi yakawasha moto uliounguza hifadhi ya Lolldaiga. Na binti wa Nanyuki aliyeuawa 2012, akaachwa na mtoto mchanga nyuma yake, kesi yake imechukua zaidi ya miaka kumi kufika popote. Mkataba wa ulinzi wa 2021 kati ya Kenya na Uingereza ulipofika bungeni, lililovuta mjadala mrefu lilikuwa swali hilo la askari wa kigeni akiua, ahukumiwe wapi. Haki za walioumia ni lazima zijadiliwe, wallahi. Lakini sikusikia mjadala wa namna hiyo juu ya nani auze mboga.

Turudi Lamu, maana kule gharama kubwa zaidi iko baharini. Baada ya watalii wawili kutekwa nyara Kiwayu na Manda mwaka 2011, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku, na kwa miaka mingi mvuvi wa Lamu alitakiwa awe nchi kavu jua likizama. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, kukaongezwa kafyu. Niwe mwadilifu: amri hizo zilitokana na Al-Shabaab, hazikutokana na kambi. Lakini anayejua jarife anajua hesabu yake. Nyavu hizo hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Samaki huziona mchana akazikwepa. Kumwambia mvuvi wa jarife avue mchana ni kama kumwambia mlinzi wa usiku akalinde saa sita ya mchana kisha umlipe kwa alichokamata. Ongeza maji ya karibu na kambi ambayo chombo hakikaribii. Ongeza mabasi ya Lamu yanayosindikizwa na polisi, ambapo nyanya za kutoka Malindi hufika zimechelewa. Hizo zote ni gharama za usalama wa taifa zima, na aliyezilipa ni mtu mwenye dau la futi ishirini.

Na hakulipwa chochote. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali pale. Watu wa Kwale wamezozana juu ya hizo 10 kwa sababu zimeandikwa. Mtu hawezi kudai kisichoandikwa. Kambi ya jeshi haina sheria ya namna hiyo. Kaunti ya Lamu haipati mgao kwa kuwa na kambi, na kijiji kilicho karibu nayo hakipati. Wavuvi hao hao, bandari mpya ya Lamu ilipowaharibia maeneo ya uvuvi, walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Waliweza kwa sababu bandari ni mradi wa biashara, una ripoti ya mazingira na una hesabu. Neno "usalama" likitajwa, maswali hukoma.

Wenzetu wa Djibouti ni wadogo kuliko sisi lakini waliandikishana. Mwaka 2014 walisaini na Marekani mkataba mpya wa Camp Lemonnier wa dola milioni 63 hivi kwa mwaka. Mwaka mmoja kabla, wafanyakazi wa pale walikuwa wameandamana walipohofia kupunguzwa kazini mkandarasi alipobadilishwa. Baadaye sheria ya Marekani ikaruhusu bidhaa na huduma za Djibouti zipewe kipaumbele katika manunuzi ya kambi. Mpango huo huitwa Djibouti First. Sisemi Djibouti ni pepo. Pesa ya kodi huingia hazina, na umaskini nje ya ua bado uko. Lakini kile kifungu cha manunuzi ndicho ningekitaka Lamu: kambi ilazimike kwa maandishi kununua kiasi fulani cha samaki, mboga, maji na kazi kutoka kwa watu wa kaunti, na iwasaidie kupata hivyo vyeti vya chakula vinavyowafungia mlango. Mikataba ya namna hii hupitia Bunge chini ya sheria ya mikataba ya 2012, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Wabunge wetu wa Pwani wana viti kwenye kamati. Wakija kutuomba kura, tuwaulize waliandika nini humo.

Huku tukingoja, kuna mambo ambayo kijana au kikundi cha akina mama chaweza kufanya leo, na ni haya niliyomweleza yule mwanangu wa karatasi ya tai. Kampuni inayotaka kuuza kwa serikali ya Marekani, iwe kambi au ubalozi, husajiliwa kwenye mtandao wao uitwao SAM.gov. Usajili ni bure. Anayekutoza ada ya "kufunguliwa faili" anakuibia. Jeshi letu la Kenya nalo hununua chakula, sare, samani na huduma kama idara nyingine ya serikali, na sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti chake, kiitwacho AGPO, nacho ni bure. Chataka kikundi au kampuni iliyosajiliwa, cheti cha kodi na akaunti ya benki. Na nafasi ya kuruta KDF haiuzwi. Siku ya usajili hutangazwa, watu hukimbizwa uwanjani mbele ya macho ya umma. Anayekuambia ana "slot" hana.

Yule broka simu yake haipatikani tena. Kijana siku hizi anaendesha tuktuk ya mtu kati ya Kisumu Ndogo na Maweni, na karatasi ile bado anayo. Nimemwambia asiichane, kwa kuwa polisi wakiamua kufuatilia wataihitaji. Dada yake na wenzake saba wana kikundi cha kushona, na Jumamosi hii, inshallah, tutakaa na simu mbili na kitabu cha hati zao kujaza ile fomu ya AGPO. Wanaotaka kuja na vikundi vyao waje na cheti cha usajili na PIN ya kodi. Kila kitu ni bure, na uji utakuwepo.